FUNDI, MKEKA BOMBA, LAKINI HAYO MALAPA VIPI?

Wiki hii sina habari za mapenzi wala za nani kaachana na nani. Naomba wote tuangalie chini. Sakafuni.

Ukizunguka kwenye fremu za mafundi simu pale Kariakoo, au ukipanda ghorofani kwenye ofisi zenye chumba cha mitambo ya kompyuta ambako kiyoyozi kinapiga usiku na mchana, siku moja moja utakuta sakafu imetandikwa vipande vyeusi au vya kijivu. Kila kipande kina meno pembeni, na vimeng'atana kama vidole vya wapenzi wanaovuka barabara. Inapendeza ile mbaya. Muulize fundi ni ya nini, atakujibu, "Ya kuzuia shoti, bosi." Muulize shoti ipi, anaanza kukohoa.

Mimi nimeishia kidato cha nne, si injinia. Lakini fizikia ya kidato cha pili niliisoma, halafu nina mshikaji wangu fundi wa bodi ambaye alikaa na mimi jioni tatu, akanieleza mpaka nikamwelewa. Kwa hiyo twende taratibu, maana hapa kuna watu wanapoteza mkwanja, na kuna wengine wanaitwa wezi bure.

Si unaukumbuka ule mchezo wa darasani? Unachukua chanuo la plastiki, unalipitisha kwenye nywele kavu, halafu unalisogeza karibu na vipande vya karatasi, vinaruka vyenyewe. Huo ndio umeme tuli. Haukimbii kwenye waya kama ule wa Tanesco. Umekaa tu juu ya kitu, unasubiri pa kukimbilia. Kule Mbeya na Njombe mwezi wa saba, ukivua sweta la nailoni gizani unasikia linalia chrr-chrr na cheche zinametameta. Hakuna aliyekuroga, ni umeme tuli huo.

Tena neno lenyewe lina historia. Wazee wa pwani wanaijua kaharabu, ile gundi ya mti iliyogeuka jiwe, watu wakatunga shanga na tasbihi. Ukiisugua kwenye nguo inavuta vitu vyepesi. Waajemi wakaipa jina lenye maana ya mnyang'anya majani makavu, na Waarabu hadi leo wakitaka kusema umeme wanasema kahrabaa. Wagiriki nao waliiita elektron, ndiko lilikotoka lile neno la elektroniki. Kumbe simu yako ya mkononi na tasbihi ya babu ni ndugu.

Haya, turudi kwenye fremu. Mtu akitembea, kiatu kinasuguana na sakafu, mwili unajaa chaji. Kuna vipimo vya zamani ambavyo mafundi wa nchi nyingi huvinukuu: kutembea juu ya zulia kwenye hewa kavu sana kunaweza kukujaza mpaka volti 35,000. Usishtuke. Haikuui kwa sababu chaji yenyewe ni kiduchu na inakwisha kabla hujapepesa jicho. Binadamu anaanza kuhisi mchomo huo ukifika kama volti 3,000. Chini ya hapo hujui kitu, unapiga stori zako na kunywa soda.

Sasa aisii, vile vidude vyeusi vidogo kwenye bodi ya simu, ziko nyingine zinaumia kwa volti zisizofika hata 100. Umeona pengo lilivyo? Fundi anaweza kushika bodi ya mteja, akaiunguza kwa chaji ambayo mwenyewe hakuisikia wala hakuiona. Hakuna moshi, hakuna harufu.

Najua mtu wa Dar ataniambia, "Wee acha hizo, hapa kwetu joto na unyevu, huo umeme wako ni wa Ulaya." Kweli unyevu unasaidia. Vipimo vilevile vinasema hewa ikiwa na unyevu mwingi, ile safari ya juu ya zulia inashuka hadi volti 1,500. Lakini 1,500 si bado ni mara 15 ya 100? Halafu hicho kiyoyozi ulichofunga ili wateja wafurahi kazi yake mojawapo ni kukausha hewa. Umeitoa Dar yote nje, humo ndani umejitengenezea Dodoma ya mwezi wa nane.

Kasheshe kubwa ni kwamba aisii haifi papo hapo kila mara. Nyingine inajeruhiwa tu. Inatoka pale inafanya kazi, mteja analipa, anashukuru, anaondoka. Wiki mbili baadaye simu imezima kabisa.

Hapo ndipo mshikaji wangu anapokunja uso akisimulia. Mama mmoja alirudi na simu ambayo ilibadilishwa sistemu ya chaji, kafika mlangoni tayari sauti iko juu.

"Wewe kijana, umenibadilishia vifaa vyangu!"

"Mama yangu, wallahi sijagusa kitu kingine."

"Nimeileta inawaka, leo haiwaki, unaniambia hujagusa? Mwite bosi wako!"

Bosi akaja. Bosi hakuuliza mengi, akamrudishia mama fedha zake na yule kijana akakatwa kwenye malipo yake ya Jumamosi. Atajitetea na nini? Aseme chaji isiyoonekana ndiyo imefanya? Wangemcheka mpaka jioni. Sisemi kwamba kila simu inayorudi imeuawa na umeme tuli. Nyingine zimekufa kwa maji, nyingine kwa aisii feki, nyingine kwa ufundi wa kubahatisha. Lakini sehemu ambayo haina kinga yoyote haiwezi kamwe kujua ipi ni ipi, na katika kutokujua huko anayeumia ni yule kijana wa mwisho kwenye benchi.

Basi tuje kwenye mkeka wenyewe. Wengi wanadhani unafyonza umeme kama sponji inavyofyonza maji. Hapana. Mkeka ni barabara. Umetengenezwa kwa mpira au plastiki ngumu ya PVC iliyochanganywa na kaboni, ili chaji itoke mwilini mwako, ishuke polepole, iende ardhini. Nasema polepole kwa makusudi. Ikishuka kwa kishindo ndiyo cheche yenyewe hiyo, isiposhuka inabaki kwako. Kanuni ya kimataifa inayofuatwa na viwanda vya elektroniki, IEC 61340-5-1, inataka ukinzani kuanzia mtu aliyevaa viatu vyake mpaka ardhini uwe chini ya omu bilioni 1, na mtu akitembea mwili wake usipande kufikia volti 100.

Soma tena hapo: mtu na viatu vyake. Hapa ndipo fremu nyingi zinapochekesha. Unakuta mkeka wa maana, umetandikwa vizuri, fundi yuko juu yake na malapa. Lapa ni mpira mtupu, au lile sponji la yeboyebo, vyote havipitishi umeme. Ni sawasawa na kujenga daraja halafu wewe unapita na ngalawa. Raba nyingi za mjini nazo ni hivyohivyo, hata ziwe za bei mbaya. Ukitaka mkeka ufanye kazi unahitaji viatu maalumu vya kupitisha chaji, au vile vikanda vya kisigino ambavyo kipande kimoja kinaingia ndani ya soksi na kingine kinakanyaga chini. Unavaa miguu yote miwili, maana ukitembea kuna wakati mguu mmoja uko hewani.

"Je, nikikaa peku?" Nilijua tu kuna mtu atauliza. Kwa upande wa chaji mwili utashuka, sikatai. Lakini benchi la fundi lina risasi ya moto inayodondoka na vioo vya skrini vilivyovunjika, tena kuna umeme wa Tanesco pembeni, na mtu peku ndiye wa kwanza kupigwa. Vaa viatu, kaka.

Jambo lingine. Fundi akikaa kwenye kiti, miguu inapanda kwenye ile fito ya chini ya stuli, mara anakunja nne. Mkeka ushaachwa hapo. Kwa hiyo aliyekaa lazima avae mkanda wa mkononi wenye waya unaokwenda ardhini, na mezani atandike mkeka wa meza. Kwa maoni yangu, kama wewe ni fundi mmoja, kiti kimoja, meza moja, mtaji wa kuungaunga, usikimbilie mkeka wa sakafu. Anza na mkanda wa mkono na mkeka wa meza. Mkeka wa sakafu ni wa sehemu ambayo watu wanasimama na kutembea na bodi mikononi, benchi hili na lile, au chumba cha mitambo ambako mtu anaingia, anachomoa kadi, anatoka nayo. Nikikwambia tofauti na hapo nitakuwa nakutafutia hasara.

Sasa ethi. Hapa naomba tuache utani kidogo. Barabara lazima iishe mahali, na mwisho wa barabara hii ni ardhini. Fremu nyingi za kupanga zina soketi za matundu matatu lakini lile tundu la tatu halijaunganishwa na chochote, ni pambo. Halafu fundi anatumia ekstensheni ya kuungaunga, ethi yake imekatika tangu alipoinunua. Kuuweka mkeka kwenye ethi ya namna hiyo ni kama kuchimba mtaro unaoishia sebuleni kwako. Mbaya zaidi, kama kuna kifaa kinavuja umeme kwenye laini hiyohiyo, unaweza kujikuta umeuleta miguuni mwako. Kabla ya kutandika chochote, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA apime ethi ya jengo. Kama haipo, achimbie nondo ya ethi mpya. Usiunge kwenye bomba la maji, siku hizi mabomba mengi ni ya plastiki, na hata likiwa la chuma hujui huko mbele limeungwa na nini.

Na ule waya wa mkanda wa mkono lazima uwe na kizuizi cha omu milioni 1 ndani yake. Kuna vijana wanatoboa, wanakitoa, wanaunga waya mtupu ati "ipite vizuri". Jamani! Chukua kalamu upige hesabu ya kidato cha pili: volti 230 gawanya kwa omu milioni 1 unapata miliampea 0.23. Hiyo ukigusa waya wa moto kwa bahati mbaya hata huisikii. Ukikitoa, umejifunga mwenyewe kwenye ardhi kwa mnyororo, na siku utakapogusa waya wa moto hakuna kitakachopunguza. Kizuizi kile ndicho roho yako.

Tuje sokoni. Kuna mikeka ya sponji laini, rangi rangi, yenye herufi na namba, ya watoto kuchezea. Nayo ina meno, nayo inashikana. Wajanja wameona ikija nyeusi tupu inafanana kabisa na ile ya kazi, basi kuna watu wameuziwa hiyo. Sponji ile haipitishi chaji hata kidogo, badala ya kukutoa umeme inakuongezea. Kazi unayoifanya hapo ni ya kujisugua mchana kutwa kama chanuo. Rangi nyeusi si ushahidi. Neno lililochapwa kwenye boksi si ushahidi. Mingine imepakwa dawa juu tu, ikishakanyagwa na kudekiwa kwa miezi kadhaa dawa imekwisha na hakuna atakayekwambia. Unayoitaka ni ile ambayo kaboni imechanganywa ndani kwa ndani, ukiikata kipande katikati bado ni ileile.

Utajuaje? Kipimo. Mita ya kawaida ya fundi simu haitoshi, namba hizi ni kubwa na yenyewe inapima kwa volti chache mno. Inatakiwa mita ya ukinzani mkubwa inayoweza kupima kwa volti 100, ikiwa na vyuma viwili vya duara vya kama kilo 2.5 kila kimoja, vinawekwa juu ya mkeka. Muuzaji wa kweli anayo, au anajua anayo nani. Mwambie apime mbele yako. Akianza kukwambia "bosi wangu hii ni orijino kutoka nje", vuta hatua mbili nyuma, shika pochi yako, aga.

Kutandika siyo kazi ngumu, na hapo ndipo uzuri wa mkeka wa meno ulipo: hauhitaji gundi. Mingi inakuja kwa vipande vya sentimita 50 kwa 50. Maana yake mita moja ya mraba inakula vipande 4. Chumba cha mita 4 kwa 3 ni mita za mraba 12, yaani vipande 48, ongeza asilimia 10 ya kukata na akiba, nunua 53. Usinunue 48 ukadhani umebana matumizi, kona zitakuaibisha.

Vikifika, vipange chumbani uviache usiku na mchana wake vizoee joto la hapo. Plastiki inatanuka na kusinyaa, ukiitoa kwenye lori la jua kali ukaitandika papo hapo, kesho meno yameachana. Sakafu ifagiliwe mpaka mchanga wote utoke, iwe kavu, mashimo yazibwe. Kama zege ni jipya liache likauke, siku 28 si nyingi. Kisha unapiga mistari miwili ya chaki inayokatana katikati ya chumba, unaanzia pale katikati kwenda pembeni, ili vipande vya kukatwa viangukie ukutani ambako hakuna anayeangalia. Meno unayagonga kwa nyundo ya mpira. Nyundo ya chuma itayapasua. Ukutani unaacha nafasi ya kama milimita 5 ili mkeka upate pa kupumulia, kona unakata kwa kisu cha kapeti na rula ya chuma. Mlangoni weka vile vipande vya mteremko, la sivyo mteja wa kwanza mwenye kisigino kirefu ataingia kwako kwa magoti.

Chini ya vipande, kabla hujavilaza, unapitisha utepe wa shaba, na utepe huo ndio unaokwenda kwenye ethi. Hata chumba kiwe kidogo weka sehemu mbili za kuunganisha, moja ikikatika nyingine inashika. Ukimaliza, unapima: juu ya mkeka mpaka kwenye ethi, sehemu mbalimbali, hasa vipande vya mbali kabisa na shaba. Andika namba zako kwenye daftari na tarehe. Daftari hilo litakuja kukuokoa, subiri.

Maana adui mkubwa wa mkeka huu siyo mguu. Ni usafi.

Kuna ofisi moja ambayo sitaitaja, walitandika chumba kizima, kazi safi, wakapima, wakapongezana. Baada ya muda mgeni mkubwa akawa anakuja kutembelea. Msimamizi akamwambia dada wa usafi, "Hakikisha kunang'aa." Dada wa watu, kazi yake anaijua, akanunua polishi, akapaka, akasugua mpaka ukajiona uso. Mgeni akasifia. Na kuanzia siku hiyo chumba chote kikawa hakina kinga, kwa sababu polishi ni utando, na ule utando haupitishi chaji. Walikuja kugundua baada ya kadi za mitambo kufa moja baada ya nyingine. Mnadhani nani alikatwa mshahara? Msimamizi? Thubutu.

Mimi nikisikia stori ile niliumwa na kichwa. Siku ya kukabidhi kazi walikuwepo mameneja, wakapewa karatasi ya maelezo, wakaifungia kabatini. Anayeshika dekio kila asubuhi hakuitwa. Sasa kati yao na yule dada, nani alikuwa anahitaji kujua? Bosi anayesoma safu hii, kesho asubuhi mwite huyo dada au kaka, mpe kiti, mweleze kwa Kiswahili hiki hiki: polishi hapana, nta hapana, sabuni ya mafuta hapana, dawa ya kulainisha nguo hapana, hata kama inanukia vizuri.

Kinachotakiwa ni kufagia kila siku, kwani vumbi na mchanga ni kizuizi tosha na tena vinakwangua. Kisha kudeki na maji kidogo yenye sabuni isiyo kali, iliyotengenezwa kwa ajili ya sakafu za namna hii kama inapatikana, halafu kusuuza kwa maji matupu. Kusuuza ndiko watu wanakoruka, na utando wa sabuni iliyokaukia hapo ni ndugu wa polishi. Dekio likamuliwe. Ukimwaga ndoo nzima maji yanaingia kwenye meno, yanakaa chini, shaba inaota kutu ya kijani na chumba kinaanza kunuka uvundo. Mara moja moja ng'oa safu ya vipande, safisha meno na chini yake, rudisha. Uchafu ukijaa kwenye meno, vipande vinaachana kiumeme ingawa kwa macho vimeshikana. Kiti cha magurudumu kiwe na magurudumu mazima, kabati zito usiliburute. Kipande kikiungua kwa risasi ya moto au kikichakaa, unang'oa hicho kimoja tu na kuweka kile cha akiba. Si nilikwambia ununue 53?

Vikanda vya mkono na vya visigino vipimwe kila siku kabla ya kuanza kazi, ni suala la sekunde tu kwa kile kimashine chake cha kupimia. Sakafu ipime kila baada ya miezi mitatu, na kila unapobadilisha sabuni. Ukiona namba zinapanda kulinganisha na zile za siku ya kwanza kwenye daftari, osha vizuri kwanza, upime tena, kabla hujakimbilia kununua mkeka mwingine au kumfukuza mtu. Na mama mwenye simu akirudi amefura, fundi ana kitu cha kumwonyesha bosi: hapa tulipima, hapa kulikuwa sawa, tutafute sababu nyingine.

Nusura nisahau vifuko. Bodi mpya zinakuja kwenye vile vifuko vya rangi ya fedha iliyofifia, na mafundi wanavitupa halafu wanatumbukiza bodi kwenye kifuko cha plastiki cha kufungashia karanga. Ile mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, ila hivi vya kufungashia bado vipo, na kwa bodi ni sumu. Tunza vile vya fedha kama unavyotunza risiti.

Tena kuna raha moja ya mwisho ya mkeka huu usio na gundi. Mwenye nyumba akikupandishia kodi kama ilivyo kawaida yao, huachi mali yako. Unaandika namba kwa chaki mgongoni mwa kila kipande, unaanza kung'oa kutoka mlangoni, unapanga kwenye kirikuu, unahamia mtaa wa pili, ukitandika tena unapima upya. Nondo ya ethi mwachie, aeleze mwenyewe ni ya nini.

Haya, tukutane Ijumaa.